Binti yangu amepungua kilo 11 na kila mtu anampongeza. Mbona mimi nina hofu?

SWALI

Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga. Binti yangu ana miaka 14 na nusu, yuko kidato cha pili. Walipopimwa shuleni alikuwa na kilo 74, urefu sentimita 158, na namba zilisomwa mbele ya darasa. Shangazi zake nao walizoea kumwita bonge. Ni miezi minne sasa hataki wali, ugali wala chapati. Anafunga kila Jumatatu na Alhamisi, na akifuturu ni tende mbili na maji. Kuna siku anakula sana, kisha anakaa chooni muda mrefu. Amekuwa mpishi hodari, anatupikia na kutupakulia sote, lakini yeye hali. Usiku namsikia akiruka kamba chumbani. Sasa ana kilo 63. Ndugu wanasema amependeza, wifi yangu anataka kujua siri. Lakini hedhi haijaja miezi miwili, anasikia baridi kwenye joto hili la Tanga, na juzi alianguka mstarini. Chini ya godoro nimekuta pakiti ya chai ya kupunguza tumbo. Mdogo wake wa kiume ana miaka 11, sentimita 145, kilo 52. Naye amenenepa sana, na shingo yake imekuwa nyeusi, nasugua kwa dodoki haitoki. Je, dada nimwache aendelee kwa kuwa bado si mwembamba? Na huyu mdogo nimwanzishie dayati?

JIBU

Mama, una haki ya kuogopa. Usimwache aendelee. Mpeleke hospitali wiki hii, usingoje likizo, na usingoje akonde kwanza ndipo uamini kwamba anaumwa. Kwa kuwa mko Tanga, Bombo ndiyo hospitali yenu ya rufaa ya mkoa. Kama kuna kituo cha karibu chenye daktari, anzieni hapo, mradi aonekane.

Watu wanatazama kilo 63 na kuona msichana ambaye bado ana mwili. Mimi natazama njia aliyopita kufika hapo. Kutoka kilo 74 hadi 63 kwa miezi minne ni kupoteza karibu asilimia 15 ya uzito wake, tena katika umri ambao mwili unapaswa kuongezeka. Moyo na ovari havijali kwamba alianza akiwa mnene. Vinaona tu kwamba chakula kimekatika, na vinaanza kubana matumizi: mapigo ya moyo yanapungua, joto la mwili linashuka, hedhi inasimama. Baridi anayoisikia ndiyo hiyo. Kuanguka mstarini ndiko huko.

Sijamwona mwanao, kwa hiyo sitampachika jina la ugonjwa kupitia barua. Lakini hali hii inajulikana. Tangu mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani unataja wazi watu wenye dalili zote za anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa kuogopa unene na kupoteza uzito mwingi, huku uzito wao ukiwa bado wa kawaida au umezidi. Vijana wa aina hii mara nyingi hukutwa na mapigo ya chini na chumvi za damu zilizovurugika, sawa na wale waliobaki mifupa mitupu. Tofauti ni kwamba wao huchelewa kuletwa hospitali, kwa sababu nyumbani wanapigiwa makofi. Na anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Kuna kipimo unachoweza kufanya mwenyewe kesho asubuhi, kabla hajainuka kitandani. Weka kidole cha shahada na cha kati upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake, chini ya kidole gumba. Hesabu mapigo dakika nzima ukitazama saa. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne, maana makosa madogo yanakuwa makubwa. Msichana wa umri huu akiwa ametulia, mapigo huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika. Yakiwa chini ya 50 naye yuko macho, mpeleke siku hiyohiyo kama dharura. Fanya hivyo pia akizimia tena, akitapika damu, moyo ukimwenda kombo, misuli ikilegea au kukakamaa, au akisema hataki kuishi. Hilo la mwisho usingoje alitamke. Muulize kwa upole, waziwazi, mkiwa wawili tu. Kumuuliza kijana kama anawaza kujidhuru hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema.

Hospitalini, daktari mwangalifu ataanza kwa kutafuta magonjwa mengine yanayokondesha: kifua kikuu, VVU, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mtoto hunywa maji mno na kukojoa mno huku akikonda. Atapima na mimba, kwa kuwa hedhi imekosekana. Usilichukue kama tusi kwa binti yako, ni utaratibu kwa kila msichana. Omba apimwe presha na mapigo akiwa amelala na tena akisimama, apimwe chumvi za damu, hasa potasiamu na fosfati, na kipimo cha umeme wa moyo. Kutapika na dawa za kuharisha humaliza potasiamu, na potasiamu ikishuka sana moyo unaweza kusimama ghafla hata kwa kijana aliyeshinda anacheka. Nenda na ile pakiti ya chai, na tarehe ya hedhi yake ya mwisho.

Jambo moja la tahadhari: usiogope ukampakulia sinia zima leo usiku. Mtu aliyekaa na njaa wiki nyingi akipewa wanga mwingi kwa mkupuo, fosfati katika damu inaweza kuporomoka na kumletea matatizo ya moyo na ya kupumua. Kabla hajapimwa, mpe chakula kidogokidogo mara nyingi: uji wa maziwa, yai, mtindi, ndizi, samaki. Kiasi cha kuongeza na kasi yake daktari atawaelekeza.

Niliposoma kwamba amekuwa mpishi hodari na yeye mwenyewe hali, nilijua njaa imeshamkaa. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, wenye afya njema ya mwili na akili. Kwa miezi 6 walikula takriban kalori 1,570 kwa siku wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Hakuna aliyekuwa na hofu ya unene. Lakini njaa ilipokolea, walianza kusoma vitabu vya mapishi usiku, kuota vyakula, kukatakata chakula vipande vidogo ili kisiishe upesi, kugombana ovyo na kujitenga. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula wakashindwa kuacha. Kwa hiyo hasira za mwanao, kujifungia kwake, kukaa kwake jikoni akiwapikia wengine, usivihesabu kuwa ni kiburi au ujeuri wa kubalehe. Mwili wenye njaa hauwazi kitu kingine.

Utafiti huohuo unaeleza zile siku anazokula sana kisha anatokomea chooni. Anajinyima siku mbili tatu, njaa inamzidi nguvu, anakula kwa pupa mpaka tumbo linauma, aibu inamshika, anajitapisha, na kesho yake anaapa kufunga zaidi. Duara hilo daktari Gerald Russell wa London alilieleza mwaka 1979 na kulipa jina la bulimia. Angalia kama mashavu yamevimba chini ya masikio, kama vifundo vya vidole vina sugu au michubuko, kama meno ya mbele yanamuuma akinywa kitu baridi. Ukiziona dalili hizo usimfokee. Mwambie tu kwamba akitapika asipige mswaki papo hapo, maana asidi ya tumbo imeshalainisha meno na mswaki utayakwangua. Asukutue kwa maji kwanza. Ushauri huu mdogo unamwambia kwamba umejua, na kwamba hujamkasirikia.

Chai nyingi za kupunguza tumbo zina majani ya sanamaki, ambayo bibi zetu waliyajua kama dawa ya kufungua choo. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, na kufikia hapo chakula kimeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na chumvi. Mizani inasoma pungufu asubuhi, binti anafurahi, mafuta yako palepale, na potasiamu imekwenda na maji. Nyingine ni mbaya zaidi: wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuta ndani ya vidonge na chai za “asili” dawa iitwayo sibutramini, ambayo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo. Kuna na ndugu zao, vidonge vya kunenepesha na kuongeza makalio, ambavyo mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta hamu ya kula, au deksamethasoni, ambayo huvimbisha uso na kupandisha sukari. Msichana mmoja anauziwa ya kukonda na mwenzake anauziwa ya kunenepa, pengine na duka lilelile, na wote wawili mwili wao ulikuwa hauna kosa.

Kuhusu kufunga, naelewa ugumu wako. Mzazi gani anataka kusimama kati ya mtoto na ibada? Lakini tende mbili na maji baada ya siku nzima, mara mbili kwa wiki, huku usiku anaruka kamba, si funga ya sunna niijuayo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa kike kaskazini mashariki mwa Ghana. Ulikuta wasichana waliokonda kwa kujinyima chakula ambao hawakutaja unene hata kidogo, na walieleza kujinyima kwao kwa lugha ya dini na ya kujitawala nafsi. Maradhi haya huvaa nguo za mahali yalipo. Mwanao ni mgonjwa, na mgonjwa ameruhusiwa wazi katika Surat al-Baqara kutofunga hata Ramadhani yenyewe, seuze sunna. Mwombe shehe au ustadhi mnayemwamini aongee naye. Likitoka kwake litamwingia kuliko likitoka kwangu.

Sasa, yametoka wapi haya? Tuanze na mwili wenyewe. Wasichana wote huongeza mafuta wakati wa kubalehe, nyonga zinapanuka, mapaja yanajaa. Ni sehemu ya mwili kujiandaa kwa hedhi na uzazi, na katika miaka hii kijana hupata karibu nusu ya uzito wake wa utu uzima. Msichana wa miaka 12 anayenenepa kidogo kabla hajarefuka hana ugonjwa. Binti yako alikuwa amevuka hapo. Ule uwiano wa uzito na urefu ambao kliniki wanauita BMI ulikuwa 29.6 kwake, na kwa umri wake Shirika la Afya Duniani linaweka mstari wa unene wa kupindukia karibu na 28. (Usitumie ile 25 na 30 ya watu wazima kwa mtoto. Kuna chati yao wenyewe, ya miaka 5 hadi 19, kwa wavulana na kwa wasichana.) Kwa hiyo shule haikukosea kuona kwamba uzito umezidi. Ilikosea kuutangaza. Kupima watoto na kusoma kilo zao mbele ya darasa ni jambo ambalo ningependa likomeshwe kila shule, kwa sababu halijamsaidia mtoto yeyote kupungua kwa afya, na wengi limewafungulia njia hii anayopita mwanao.

Si dhana yangu. Watafiti wa Minnesota waliwafuatilia maelfu ya vijana wa shule kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Waliotumia njia mbaya za kupungua, kama kuruka milo, kujitapisha na kumeza vidonge, miaka 5 baadaye ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya kuwa wanene, na pia ya kula kwa pupa bila kujizuia. Waliotaniwa na familia zao kuhusu uzito walipata matatizo zaidi ya kula. Yaani utani wa “bonge” haupunguzi bonge. Unaleta unene zaidi au unaleta ugonjwa wa kula, na wakati mwingine vyote viwili kwa mtoto mmoja, kama ninavyohofia hapa.

Tena usidhani sisi tuna kinga kwa kuwa kwetu “umenenepa” ni sifa na kukonda ni habari mbaya. Fiji, visiwa vya bahari ya Pasifiki, nako walisifu mwili uliojaa. Televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995, na mtafiti Anne Becker aliwapima wasichana wa shule mwaka huo na tena 1998. Waliosema wanajitapisha ili kupungua walitoka asilimia 0 hadi 11.3 kwa miaka mitatu tu. Hiyo ilikuwa televisheni moja sebuleni, tena pengine ya jirani. Binti yako ana TikTok mfukoni, na kila akisimama sekunde chache kwenye video ya kupunguza tumbo, analetewa kumi nyingine.

Turudi nyumbani. Tiba yenye ushahidi mzuri zaidi kwa vijana wenye anoreksia ilianza katika hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na msingi wake ni wazazi. Kwa muda, wewe na baba yake mnachukua jukumu la chakula mikononi mwenu, kama mngechukua jukumu la dawa za mtoto mwenye kifua kikuu. Si yeye anayeamua ale au asile. Ninyi mnaamua nini, kiasi gani na saa ngapi. Milo mitatu na vitafunio viwili, mezani au mkekani, pamoja. Wewe upakue, si yeye. Chakula kile kile cha nyumba nzima: ugali, dagaa, mchicha wa nazi, maharage, wali siku ya wali. Usimpikie chake. Akikaa mbele ya sahani analia kwamba atanenepa, usibishane naye kuhusu unene na usimwambie “mbona wewe mwembamba sasa.” Mwambie: “Najua ni ngumu. Chakula ndiyo dawa yako, nipo hapa mpaka umalize.” Kisha kaeni pamoja saa nzima baada ya kula, mfume, mwangalie tamthilia, mchambue mboga za kesho, chochote kinachomweka mbali na choo. Kamba na mazoezi yasimame mpaka daktari aridhike na moyo wake. Mizani iondoke nyumbani, apimwe kliniki tu. Na mwalimu mmoja mnayemwamini aambiwe, ili mchana wa shule usiwe pengo.

Atakukasirikia. Wiki za kwanza zitakuwa mbaya kuliko zilizopita, na kuna siku utajiona unamtesa. Hiyo haina maana mnakosea, mradi daktari anamfuatilia. Ombeni pia rufaa ya kitengo cha afya ya akili. Kikihitajika kilicho kikubwa zaidi, KCMC Moshi na Muhimbili wana madaktari wa watoto na wa afya ya akili chini ya paa moja, na ndicho anachohitaji mwanao. Kama kuna ndugu atakayekuuliza habari za sindano za kupunguza uzito, ni kweli Marekani iliruhusu mojawapo kwa watoto wa miaka 12 na kuendelea mwezi Desemba 2022, kwa wenye unene wa kupindukia na chini ya uangalizi. Kwa mtoto anayejinyima na kujitapisha, hapana.

Nije kwa mdogo wake. Shingo ile si uchafu, mama, acha kumsugua, utamchubua bure na kumfedhehesha. Ngozi inayokuwa nyeusi, nene na yenye mikunjo nyuma ya shingo, mara nyingi na kwapani, ni alama kwamba mwili wake umeanza kuisikia kwa taabu insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, na kongosho linatoa nyingi zaidi ili kufidia. Insulini hiyo ya ziada ndiyo inayochochea ngozi. Mpeleke naye apimwe sukari akiwa hajala, na presha kwa mkanda unaomtosha mkono. Ngozi itapungua weusi yenyewe mwili ukitulia. Angalia pia kama anakoroma na kushtuka usingizini. Na jambo hili lishike sana: mvulana mnene wa umri huu akianza kuchechemea au kulalamika goti au paja bila kuumia, omba apigwe picha ya nyonga siku hiyohiyo. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuteleza kutoka mahali pake, maumivu yakasikika gotini, watu wakapaka dawa ya kuchua goti miezi mizima huku nyonga inaharibika. Halafu mtazame na wenzake: mtoto aliyenenepa kwa chakula kwa kawaida ni mrefu kuliko rika lake. Akiwa mnene na mfupi, mwambie daktari atafute tatizo la homoni.

Dayati usimwanzishie. BMI yake ni 24.7 na mstari wa unene wa kupindukia kwa umri wake uko karibu na 22.5, hivyo tatizo lipo, lakini yeye bado anarefuka na urefu utakufanyia kazi kubwa. Akibaki kwenye kilo 52 mpaka afike sentimita 155, jambo ambalo kwa mvulana wa umri huu huchukua miaka miwili hivi, BMI yake itakuwa 21.6, na atakuwa amevuka chini ya mstari bila kulala njaa hata siku moja. Kazi yako ni kuzuia kilo zisipande mbio, zisishuke.

Ningeanza na vinywaji, maana hapo ndipo penye faida kubwa kwa maumivu madogo. Chupa ya soda ya mililita 350 ina karibu gramu 37 za sukari, kama vijiko 9 vya chai, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ingefaa sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku nzima, hata kwa mtu mzima. Ongeza chai ya asubuhi vijiko vitatu, juisi ya ukwaju iliyotiwa sukari, na kinywaji cha kuongeza nguvu anachonunua akitoka tuisheni. Maji yawe kinywaji cha nyumba, soda ibaki ya sikukuu, na ibaki hivyo kwa wote, pamoja na baba. Tunda atafune badala ya kulikamua. Kifungua kinywa asikose: mahamri na mbaazi si dhambi, lakini mahamri mawili na bakuli la mbaazi kunashibisha kuliko mahamri sita na chai tupu. Chipsi za barabarani ziwe za mara mojamoja, wala usiziite chakula kibaya. Mtoto aliyeambiwa chakula ni kibaya hukila kwa kujificha.

Mpe saa moja kila siku ya kutoka jasho kwa mchezo, na mchezo auchague yeye. Bahari mnayo. Kama anapelekwa shule kwa bodaboda na njia ni salama, atembee na wenzake. Na alale. Mtoto wa miaka 11 anahitaji saa 9 hadi 12, kijana kama dada yake saa 8 hadi 10. Simu zilale sebuleni, za wakubwa pia. Usingizi ukipungua, homoni za njaa hupanda na mtoto hutamani vitu vitamu.

Utaona kwamba mambo ninayowaambia watoto hawa wawili yanafanana: mlo wa pamoja, chakula kimoja, hakuna mizani, hakuna majina. Ndivyo ninavyotaka. Msiwe na nyumba ambamo mmoja anaambiwa ongeza na mwenzake anaambiwa punguza kwenye mkeka mmoja. Anayehitaji zaidi mpakulie zaidi kimyakimya.

Wifi yako na shangazi wengine waambie kabla hawajaja tena, si mbele ya watoto. Sema hivi: “Wifi, mtoto anaumwa, kupungua kwake ni ugonjwa na daktari amekataza maneno ya mwili wake, ya kusifu na ya kusema.” Sifa nazo zikome, kwa sababu kwake “umependeza” ina maana endelea. Anayetaka kumsifu ana mengi: sauti yake ya kaswida, masomo, mkono wake wa kusuka. Wewe mwenyewe jizuie kusema mbele yao kwamba umenenepa, au kwamba leo huli kwa sababu jana ulikula harusini.

Huenda utaniuliza, basi binti afikishe kilo ngapi? Kwa sasa sitakupa namba, na ukiipata usimwambie. Subirini mapigo yapande, hedhi irudi, aweze kula wali mbele ya watu bila kutetemeka. Daktari amwone kila wiki mwanzoni. Pengine atatulia juu ya kilo 63, pengine mwili wake kwa asili ni mkubwa, na hilo tutalizungumza akiwa mzima. Nitumie matokeo ya vipimo vyote viwili, vyake na vya mdogo wake, mkishavipata.